Drakula Hakusema Neno, Ukumbi Ukamsemea

Mmeuliza wiki hii: "Filamu za mazimwi za zamani bado zinatisha, au zimebaki za kuchekesha?" Swali lenyewe halina ubaya. Kilichonichoma ni picha mliyoiweka juu yake, Boris Karloff kama kiumbe wa *Frankenstein* ya mwaka 1931, na maneno madogo chini yake: "babu wa vibonzo, skrubu shingoni". Nimekaa nayo kooni tangu juzi. Leo nimewaomba wajukuu waniachie kompyuta.

Kwanza, zile si skrubu. Jack Pierce, fundi aliyemtengeneza yule kiumbe, alikusudia ziwe ncha za kuingizia umeme mwilini, kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya maiti aliyehuishwa kwa umeme. Pili, huyo babu wa vibonzo alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, jina lake la kuzaliwa William Henry Pratt, mwana wa London aliyesota Hollywood miaka mingi akipewa majambazi na vijisehemu ambavyo ukikohoa vimeshapita. Kila siku ya kazi alikaa kitini kama saa nne akipakwa na kubandikwa. Alikuwa na meno ya bandia upande mmoja, akayatoa ili shavu libonyee. Na picha ilipotoka, kwenye orodha ya waigizaji mwanzoni, mahali pa jina lake pakawekwa alama ya kuuliza. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani, kwa sababu saa za kazi alizofanyishwa alizijua kwa mgongo wake. Zimwi lenye kadi ya chama cha wafanyakazi! Hilo halikuingia kwenye maelezo ya picha yenu.

Kwa hiyo nimeanza kuandika nikiwa na jibu moja tu: zinatisha, na asiyetishika ni kwa sababu anaziangalia kwenye simu, ndani ya daladala, huku anajibu meseji. Tena mngeuliza swali lenye maana zaidi, nani kati yao alikuwa bora, ningewajibu kwa neno moja. Lee. Karloff namheshimu, na Bela Lugosi namwonea huruma. Mtu alimcheza Drakula mwaka 1931, Drakula akamganda maisha yake yote hadi mwaka 1956 akazikwa na joho la Drakula. Lakini Christopher Lee, Drakula wa miaka ya baadaye, mita moja na sentimita tisini na sita, akisimama mlangoni mlango wenyewe unaona aibu. Ubishi sitaki.

Nitawaeleza nilivyomwona mara ya kwanza.

Ilikuwa Dar, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wenye umri wangu wanayakumbuka majumba ya sinema yenyewe: Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Chox, na ile Drive-in ya Msasani ambapo leo umekaa ubalozi wa Marekani na huwezi hata kupunguza mwendo ukachungulia. Jumba la kisa hiki silitaji. Dada zangu walikuwa watu wa zanana: Jumapili mchana, wanawake watupu, leso mkononi, wanakwenda kulia na Meena Kumari wa filamu za Kihindi na kurudi macho mekundu wamefurahi. Mimi machozi yale yalinichosha. Nilikuwa nataka jeneza lifunguke.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa anafanya kazi bandarini na mshahara wake nusu uliishia kwenye tiketi. Ilipokuja *Dracula: Prince of Darkness*, ya mwaka 1966 lakini kwetu ilifika kwa kujikokota kama nyingine zote, nilimsumbua mpaka akachoka. Tatizo lilikuwa kibao cha mlangoni: walio chini ya miaka kumi na sita marufuku. Tukaazima buibui la mama mdogo, na viatu vyake tukavijaza magazeti. Kijana wa mlangoni, ambaye kwa hakika alikuwa amenizidi umri, akaniangalia, akanyoosha mgongo, akaniamkia: "Shikamoo, mama." Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ya kuazima kama viatu. Mjomba akageuza uso akajifanya anasoma mabango.

Sasa, filamu ile ina jambo moja la ajabu. Lee hasemi neno hata moja tangu anapotokea mpaka anapokufa. Anapumua, anakoroma kama paka, anakodoa macho mekundu, basi. Mwenyewe alikuja kueleza miaka ya baadaye kwamba aliyasoma maneno aliyoandikiwa akaona hayasemeki, akakataa kuyasema. Mwandishi, Jimmy Sangster, naye akasema hakumwandikia neno lolote, kwani Drakula ana nini cha kuongea. Mmoja wao hasemi kweli, na kwa vile namjua Lee kwa ulimi wake, nadhani ni Lee. Vyovyote iwavyo, kwetu ilikuwa neema. Kiingereza cha wale wengine kilikuwa kinatupita juu ya vichwa, lakini Drakula asiyesema ni wa kila mtu. Ukumbi ukamsemea. Akisimama mbele ya chumba cha mwanamke wa Kizungu, kijana wa viti vya mbele anabisha: "Hodi wenyewe!" Akikodoa macho, mwingine anatoka nyuma: "Nani kanimalizia mboga?" Hii ni kabla Lufufu hajaanza kututafsiria kanda za video, kila mtu alikuwa Lufufu wa safu yake.

Lakini nimeruka mbele. Kabla Drakula hajafufuka kuna mtumishi. Waingereza wanne, ndugu wawili na wake zao, wameonywa na padri wasifike kwenye kasri (ukumbi mzima: "Si mmeambiwa!"), wamefika, wanakuta meza imeandaliwa ya watu wanne na mizigo yao imeshapandishwa vyumbani. Anatoka mtu mwembamba, mavazi meusi, mpole, anaitwa Klove. Anawahudumia kwa adabu zote. Usiku anamwua ndugu mkubwa, anamfunga miguu kwa kamba, anamning'iniza kichwa chini juu ya jeneza la mawe lenye majivu ya bwana wake, na kumchinja. Damu inamwagikia majivu. Hakimbii, hacheki, hafurahi. Anafanya kazi yake.

Pale ukumbi ulikufa. Hakuna aliyebisha hodi. Maana kila mtoto wa Dar alikuwa ameshahadithiwa jambo lile lile, neno kwa neno, na bibi yake: mumiani anakukamata, anakuning'iniza kichwa chini, damu inachuruzika kwenye ndoo, na damu inapelekwa kwa mtu mkubwa usiyemwona. Wazee wa Buguruni wanajua yaliyotokea kule mwaka 1959 kwa ajili ya mumiani, sina haja ya kuyarudia. Mwanamke mmoja nyuma yetu alianza kusoma dua. Mjomba alinishika mkono kwa juu ya buibui, nikahisi kiganja chake kimelowa.

Kisha Lee akafufuka, mkono kwanza, na ninyi mnaosema zamani watu walikuwa wanazimia mniamini mimi niliyekuwepo: ukumbi ulishusha pumzi na kuanza kucheka.

Nikirudi kwenye usiku wenyewe. Vijana hamjui kwamba kopi moja ya filamu iliweza kuonyeshwa majumba mawili usiku mmoja. Jumba moja linatangulia, rili ikiisha inatiwa kwenye kopo lake, kijana anapanda baiskeli anaipeleka jumba la pili mbio, anarudi kuchukua nyingine. Sisi tulikuwa jumba la pili. Tumefika gari la farasi linakimbizwa kwenda kasri, jeneza liko nyuma, jua linazama, padri na bunduki anafuata, na pazia likawa jeupe. Taa zikawashwa. Opareta akachungulia kwenye kidirisha chake akatuonyesha ishara ya mtu anayeendesha baiskeli, halafu ishara ya mtu asiyejua.

Tulingoja mpaka karanga zikaisha kwa muuzaji. Na katika kungoja ukazuka mjadala ambao sijausikia mkubwa wake hata bungeni: Drakula atakufaje? Filamu inaanza kwa kurudia mwisho wa ile ya Drakula ya 1958, Peter Cushing, mwindaji wa Drakula, anararua mapazia na kuunganisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba, Lee anageuka majivu kwa jua. Basi kundi moja likasema jua tena. Kundi la pili likasema mwenye filamu hawezi kuwa mvivu hivyo. Kundi la tatu likaleta sheria: stelingi hafi. Bango la nje lina uso wa nani? Wa Lee. Basi Lee ndiye stelingi, na kama ni stelingi, mjadala wa nini? Mzee mmoja wa kofia akasimama akasema angesomewa Ayatul Kursi mambo yangekuwa yamekwisha tangu rili ya kwanza, tungekuwa nyumbani tumelala. Akapigiwa makofi.

Baiskeli ikafika. Taa zikazimwa. Pazia likawaka, na akatokea binti wa Kihindi anazunguka mti huku anaimba.

Sitaeleza kelele. Nitasema tu kwamba makopo yalikuwa yamechanganyika njiani, kwamba nusu ya ukumbi ilitaka rili ile iachwe iishe kwa kuwa wimbo ni mzuri, na kwamba kuna watu mahali fulani mjini usiku ule walioletewa farasi na jeneza katikati ya mapenzi yao. Kijana akarudishwa. Tukangoja tena.

Rili ya kweli ilipokuja, jeneza likaanguka kwenye handaki la maji lililozunguka kasri, nayo maji yale yameganda. Ukumbi ukashangaa kwa nini halizami. Mjomba, aliyekuwa ameongea na mabaharia wengi, akasimama kueleza kwa sauti kwamba Ulaya maji huwa barafu na watu hupita juu yake. Akaambiwa akae, asitufanye watoto. Drakula akatoka jenezani, wakakabana juu ya barafu, bunduki zikapasua barafu pembeni yake, maji yakabubujika, na yule bwana mrefu akateleza taratibu akazama. Mwisho.

"Maji?" mtu akauliza gizani. Padri alikuwa ameshataja mapema habari ya maji yanayotiririka, lakini nani alikuwa anasikiliza Kiingereza. "Jini gani anakufa maji?" Hoja nzito hiyo, kwa sisi watu wa pwani. Majini wetu wanatoka baharini na wanarudi baharini. Watu walitoka nje wameudhika hasa, wakidai mwenye filamu hana elimu ya mambo haya.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba aliyezama pale si Lee bali Eddie Powell, mtu wake wa kumchezea hatari, na kwamba alibanwa chini ya maji akaponea chupuchupu. Sisi tunazomea, kumbe kuna mtu alikaribia kufa kweli ili tupate cha kuzomea. Hilo ndilo nilitaka kuwapigia kelele ninyi wa "babu wa vibonzo", na bado napiga.

Ila nimeandika mpaka hapa na nasoma nilichoandika, na naona nimewaeleza jioni nzima ambayo Drakula hakumtisha mtu. Hata mtoto aliyevaa buibui hakumtisha. Tukirudi nyumbani Kariakoo nilikuwa namwigiza Lee kwa mabawa ya buibui. Lakini tulipokaribia Faya, kituo cha zimamoto, mjomba, mtu mzima, mpakuaji wa meli, alivuka barabara kwenda upande wa pili bila kunieleza, na mimi nikavuka naye bila kuuliza. Magari mekundu yalikuwa yamelala pale mlangoni. Kila mtu alijua mumiani anatumwa, na wanaotumwa ni watu wa mishahara, wenye sare, wapole.

Kwa hiyo andikeni kura yangu upande wa kuchekesha, na mniwie radhi wenzangu wa zamani. Zimwi la filamu zile linachekesha, lilichekesha tangu siku lilipofika, na nafikiri Lee alilijua hilo ndiyo maana alifunga mdomo. Anayetisha ni mtumishi. Aliyemcheza Klove anaitwa Philip Latham, na sijaona bango lake popote. Kama nalazimika kumtaja aliye bora, na niliapa ni Lee, basi leo namtaja Latham, mpaka kesho nikiiona tena ile ya 1958 nibadilike.

Kuna na ila. Kura hii haimhusu Karloff, ambaye hachekeshi wala hatishi; pale ziwani na yule binti mdogo wa maua, anaporusha maua mpaka yanaisha kisha anamtupa mtoto majini akidhani naye ataelea, mimi huwa natoka chumbani. Pia ushahidi wangu una upungufu: niliwaonyesha wajukuu filamu ile, wakacheka Drakula alipofufuka, lakini kwenye kamba na jeneza mmoja alikuwa anatafuta chaja na mwingine amelala, kwa hiyo sijui kama Klove anawatisha wasiomjua mumiani.

Na wiki ijayo, kama mnakosa swali, ulizeni kuhusu Saamri wa *Purana Mandir*, 1984, ya akina Ramsay wa Bombay. Ajay Agarwal, mhandisi wa ujenzi aliyesoma Roorkee, akaishia kuwa zimwi lililowafanya watoto wa Dar na Unguja wa enzi za video wagome kwenda chooni usiku. Huyo hakuhitaji mtumishi.