Fulana ya bendera siku ya Cinco de Mayo: shule ilikuwa na haki ya kumrudisha mwanangu nyumbani?

SWALI

Wakili, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Phoenix, Arizona. Tulifika mwaka 2016 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mume wangu aliapa uraia mwezi wa tatu, mimi bado nasubiri tarehe ya usaili. Siku ya kiapo tulimnunulia kijana wetu wa miaka 16 fulana yenye bendera ya Marekani kifua kizima, akaipenda sana. Tarehe 5 Mei, ile siku ya Wamexico wanayoiita Cinco de Mayo, akaivaa shuleni. Ni shule ya serikali, ina wanafunzi wengi wa asili ya Mexico, na siku hiyo huwa wanasherehekea. Saa nne asubuhi makamu wa mkuu wa shule akamwita, akamwambia aigeuze ndani nje au apige simu nyumbani achukuliwe, maana inaweza kuleta ugomvi. Kijana akakataa kuigeuza, nikaenda kumchukua. Waliovaa bendera ya Mexico hawakuguswa. Jioni akapiga picha na fulana yake, akaiweka Instagram na kuandika kwamba shule inaogopa bendera ya nchi yake. Kesho yake shule ikamwambia aifute. Je, shule ya serikali inaweza kukataza bendera ya nchi yenyewe? Na tukilalamika, hawataniharibia karatasi zangu?

JIBU

Mama, nianze na karatasi, maana nadhani hofu hiyo imekunyima usingizi kuliko fulana. Kuilalamikia shule si kosa, na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo si jinai. Ombi lako la uraia halipimwi kwa mambo hayo. Tena kuna jambo ambalo huenda hamjaambiwa. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi humu Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, huwa raia papo hapo mzazi huyo anapoapa. Haombi, hafanyiwi usaili. Kwa maelezo yako, kijana wenu alikuwa raia tangu siku ile mliyomnunulia fulana. Alipoandika “nchi yake” aliandika ukweli wa kisheria. Mwombeeni pasipoti ya Marekani mapema, mkiwa na cheti cha uraia cha baba yake na karatasi inayoonyesha kwamba ni mwanawe. Wadogo zake nao, kama masharti hayo yanawahusu.

Hata hivyo, asingekuwa raia bado angekuwa na haki ya kujieleza. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda haki hiyo, yanaifunga serikali, na shule ya umma ni mkono wa serikali. Katiba haimuulizi mwanafunzi pasipoti. Ingekuwa shule binafsi, jibu langu lingekuwa jingine kabisa.

Sasa bendera. Wengi wanaoniletea jambo hili wanaamini bendera ya taifa ina kinga ya peke yake, kwamba shule inaweza kugusa mchoro wowote isipokuwa huo. Sheria haiko hivyo. Iko sheria ya shirikisho inayoeleza adabu za bendera, na hiyo yenyewe inasema bendera isitumike kama vazi, ila ni mwongozo tu usio na adhabu. Mbele ya jaji, bendera kifuani ni usemi kama usemi mwingine. Kinachopimwa ni haki ya aliyeivaa. Mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia kwamba shule haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kuipigia bendera saluti. Huko nyumbani Afrika Mashariki, Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo mwaka 2013 iliwapa haki wanafunzi wa dini hiyohiyo walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Katika kesi zote mbili mahakama zilimtazama mtoto na dhamiri yake.

Kanuni inayowahusu ninyi ilizaliwa Des Moines, Iowa. Desemba 1965 wanafunzi wachache, miongoni mwao Mary Beth Tinker wa miaka 13 na kaka yake John wa miaka 15, walifunga vitambaa vyeusi mkononi kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam. Wakasimamishwa shule. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2, na Jaji Abe Fortas akaandika kwamba mwanafunzi haachi haki zake za kikatiba kwenye lango la shule. Mfumo mzima wa shule za mji ule ulikuwa na wanafunzi 18,000, waliosimamishwa walikuwa 5, na mahakama haikuona ushahidi wa masomo kuvurugika. Tangu hapo shule ikitaka kuzuia usemi wa mwanafunzi ni lazima ionyeshe kwamba umeleta vurugu kubwa, au kuna sababu za kweli za kutarajia kwamba utaleta, au kwamba unakanyaga haki za wengine. Hofu ya jumla jumla haitoshi. Kuchukizwa na ujumbe hakutoshi.

Ungeishia hapo ungesema mwanao ameshinda. Lakini kuna kesi inayofanana na yenu mno, na lazima uijue kabla hujaingia ofisi ya mtu.

Live Oak ni shule ya sekondari ya Morgan Hill, mji ulio kusini mwa San Jose, California. Tarehe 5 Mei 2009 kundi la wanafunzi, wengi wao Wazungu, walitundika bendera ya Marekani kwenye mti uwanjani, wakapiga makofi na kuitaja nchi yao kwa sauti. Wenzao wa asili ya Mexico walikuwa wakizunguka na bendera ya Mexico. Matusi yakarushwa, vitisho vikafuata. Mwaka uliofuata, siku ileile, wanafunzi kadhaa wakaja na fulana za bendera ya Marekani. Msichana mmoja akamfuata mmoja wao akamuuliza kwa nini amevaa vile, kwani hawapendi Wamexico? Wanafunzi wengine wakamwonya msaidizi wa mkuu wa shule kwamba huenda kukawa na shida. Wakati wa mapumziko ya asubuhi wakaitwa: geuzeni fulana ndani nje, au nendeni nyumbani. Wawili ambao bendera zao hazikuonekana sana waliruhusiwa kurudi darasani na fulana zao. Wengine wakaondoka. Hawakuadhibiwa, na kutokuwepo kwao hakukuhesabiwa kuwa kosa.

Familia zilifungua kesi, zikashindwa. Februari 2014 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya 9 ilisema kwamba ugomvi wa mwaka uliotangulia, pamoja na maonyo ya asubuhi ile, yaliipa shule sababu ya kweli ya kutarajia fujo. Kuhusu waliovaa rangi za Mexico, ikajibu kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa wao walitishiwa. Familia ziliomba kesi isikilizwe upya na jopo kubwa, zikakataliwa, na majaji watatu wakiongozwa na Diarmuid O'Scannlain wakaandika kupinga uamuzi huo. Machi 2015 Mahakama ya Juu ikakataa kuipokea kesi.

Naiona hukumu ile kuwa ni mbaya, na hilo silifichi mbele ya wateja wangu. Inamvua nguo anayetishiwa, na anayetisha anajifunza kwamba kitisho kinafanya kazi. Leo aliyetishiwa amevaa bendera ya Marekani. Kesho ni binti mwenye hijabu, keshokutwa ni mtoto wetu mwenye rangi za Kongo. Niliwahi kukaa katika ofisi ya shule moja na baba ambaye binti yake aliambiwa avue bangili ya shanga za buluu, nyekundu na njano baada ya wasichana wawili kumzomea koridoni. Waliozomea hawakuitwa. Baba alikuwa ameishika ile bangili, anaizungusha kidoleni, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Sasa kosa lake lilikuwa lipi?” Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya mkuu wa shule, na swali lake sijalisahau.

Lakini mimi kuiona mbaya hakuiondoi. Kanda ya 9 ina majimbo 9 ya magharibi, na Arizona ni mojawapo, kwa hiyo majaji wa huko wanafungwa nayo. Wasomaji wa Texas, Ohio au Maine hawafungwi nayo moja kwa moja, ingawa mahakama zao zinaweza kuitazama kama mfano.

Isome vizuri, utaona haikuipa shule ruhusa ya kuvua bendera watoto kila tarehe 5 Mei. Shule ya Live Oak ilishinda kwa sababu ya matukio: ugomvi uliotokea shuleni hapohapo mwaka mmoja kabla, na maonyo ya siku ileile. Makamu wenu, kwa maneno uliyoniandikia, alisema tu kwamba fulana “inaweza kuleta ugomvi”. Neno hilo “inaweza” likamateni. Andika barua fupi, iwe na tarehe, ubaki na nakala. Uliza ni ugomvi gani uliowahi kutokea shuleni hapo kwa sababu ya bendera, na lini. Uliza kama kuna mtu aliyewaonya asubuhi ile, na kama onyo liliandikwa popote. Uliza walifanya nini kabla ya kumgusa mwanao: waliongeza walimu uwanjani? Walimwita yeyote aliyetishia? Uliza kama katazo lilikuwa la siku hiyo tu au linaendelea, na ni kifungu gani cha kanuni za mavazi walichotumia. Majibu yakionyesha kwamba hapakuwa na tukio wala onyo, kesi ya California haiwasaidii, tunarudi kwenye vitambaa vyeusi vya Des Moines. Yakionyesha kwamba mwaka jana watu walipigana, nitakuambia kwa masikitiko kwamba mahakamani mtashindwa. Hata hivyo mnaweza kuibana bodi ya shule iwashughulikie watishaji, na hilo halihitaji jaji.

Katika barua hiyohiyo omba kuona kumbukumbu za mwanao. Sheria ya shirikisho inakupa haki hiyo kama mzazi, na shule haipaswi kuzidisha siku 45. Tazama siku ile imeandikwaje. Ikiwa imeandikwa utoro, dai irekebishwe, kwa sababu wao ndio waliompa kijana hiari ya kuondoka. Ikiwa imeandikwa kusimamishwa, hapo pana hoja nyingine: tangu mwaka 1975 Mahakama ya Juu inataka mwanafunzi anayesimamishwa, hata kwa siku chache, aambiwe anatuhumiwa nini na apewe nafasi ya kujieleza.

Kuhusu picha ya Instagram, hapo mna nguvu zaidi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kesi ya msichana wa Pennsylvania aliyetupa matusi Snapchat mwishoni mwa wiki, akiwa nje ya shule, baada ya kukosa nafasi katika kikosi cha kwanza cha washangiliaji. Shule ilimfungia mwaka mzima katika kikosi alichokuwamo, ikaonekana imevunja Katiba. Shule bado inaweza kuingilia mambo kama vitisho na uonevu mtandaoni, lakini mwanao hakumtisha wala kumtukana mtu. Alilalamika, tena kwa adabu. Hana wajibu wa kuifuta. Mwombeni tu asijibizane na watakaomchokoza pale chini ya picha, kwa sababu maneno hayo ndiyo yatakayochapishwa na kuletwa mezani.

Najua pia utaulizwa na ndugu na jamaa kwa nini shule isivalishe watoto wote sare ikaisha, sisi sote si tumesoma kwa shati jeupe? Inaweza. Mwaka 2008 Kanda ya 9 ilikubali sare za lazima katika wilaya moja ya Nevada, kwa sababu zilimhusu kila mtoto bila kuchagua ujumbe wa mtu. Shule yenu haina sare, ilimchagua mtoto mmoja na fulana moja, ndiyo maana tunazungumza.

Kwa siku ya kikao na shule omba mkalimani wa Kiswahili, na umwombe kwa maandishi siku kadhaa kabla. Shule inayopokea fedha za shirikisho inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na hulipi hata senti. Iambieni shule kama mnatumia Kiswahili cha Kongo, wakuletee mtu mtakayeelewana naye. Usikubali kijana akutafsirie. Akae karibu yako kama mtoto wako, aeleze yaliyomkuta akiulizwa, na maneno ya makamu yakufikie kwa mdomo wa mtu asiyehusika.