Kabla ya Kununua Seti ya Mvinyo, Hesabu Kaskazi

Msomaji mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, ameniandikia wiki hii: "Kaka, ule mvinyo mwekundu nilioutia chupani mwezi wa nane ulikuwa sawa hadi Krismasi. Sasa nikifungua chupa rangi imeelekea kwenye chai ya rangi, na unanuka zabibu za kupikwa. Kasha linasema nisubiri mwaka mmoja na nusu. Nimekosea wapi?"

Hakukosea kwenye ndoo. Vipimo alivyonitumia havina doa: haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, ilisoma 1.092 siku ya kwanza na 0.995 siku ya kuhamisha, yaani kileo cha kama asilimia 12.7. Alikosea dukani. Alinunua seti, yaani kasha la juisi ya zabibu, hamira na dawa za kutengenezea mvinyo nyumbani, inayotaka miezi 18 ya ubaridi, akailaza uvunguni mwa kitanda, kaskazi, msimu wetu wa joto, ikaikuta hapo hapo. Wauzaji wa seti hizi hupenda kukuambia mwekundu mzito ndio mvinyo wa watu wazima, lakini hawakuulizi utaulaza wapi. Hilo ndilo swali la kwanza, tena linatangulia bei.

Maelekezo ya kwenye kasha yameandikiwa mtu mwenye chumba cha chini ya ardhi. Seti nyingi hutengenezwa Kanada, na wakisema "mahali pa baridi" wana maana ya nyuzi 12 hadi 14, usiku na mchana, mwaka mzima. Chumba cha kulala cha Mombasa mwezi wa pili kina nyuzi 30 na zaidi, na ukuta uliokula jua mchana kutwa unaendelea kulitema hadi usiku wa manane. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mabadiliko mengi huenda kasi karibu maradufu. Watu hulisikia hilo wakafurahi, wakidhani mvinyo utakomaa upesi. Haukomai, unaiva kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mabadiliko hayo hayaongezi mwendo kwa kiwango kimoja: yale ya kula salfaiti (dawa inayoukinga mvinyo usiharibike), kuua harufu ya tunda na kugeuza rangi kuwa ya kahawia hukimbia kuliko yale ya kulainisha ukakasi. Kwa hiyo miezi 6 ya hapa si miezi 18 ya kule iliyofupishwa. Ni kitu kingine kabisa. Anayejua mnazi haelezwi hili mara mbili. Tembo la asubuhi si la jioni, na la kesho yake linakaribia siki. Mvinyo una kileo kingi zaidi na una salfaiti, basi saa yake inakwenda polepole, lakini jua ni lile lile.

Ukifika dukani, soma lita, achana na picha ya zabibu. Seti ya kawaida huishia kwenye lita 23, chupa 30 za mililita 750. Tofauti iko kwenye kiasi cha juisi kilichomo mfukoni. Mfuko wa lita 5 hadi 8 ni juisi iliyotolewa maji hadi ikawa nzito kama shira. Wewe unaongeza lita 15 na zaidi za maji, unapata mvinyo mwepesi unaonyweka mwezi wa pili au wa tatu tangu kutiwa chupani, na ukishapita mwaka hauna la kuongeza. Mfuko wa lita 14 hadi 18 una juisi nyingi isiyokolezwa, mara nyingine na pakiti ya maganda ya zabibu na vipande vya mti wa mwaloni. Huo ndio unaodai mwaka hadi miaka miwili, na ukiuonja mwezi wa tatu utalalamika umeibiwa. Katikati yake kuna wa lita 10 hadi 12, ambao ukiwa mweupe huwa tayari kati ya miezi 3 na 6.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa kiwanda kimekuachia wewe umalizie kazi ya mgema, basi ishia kwenye mstari wa lita 23. Lita 2 za ziada ili zitoke chupa 33 zinashusha kileo, asidi na salfaiti kwa mkupuo mmoja, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoulinda mvinyo na joto letu.

Hukumu yangu ni hii: huna friji ya ziada, nunua mweupe au wa waridi, mfuko mdogo au wa kati, uunywe kabla ya kaskazi kukolea. Una friji unayoweza kuitoa kwa kazi hiyo pekee, hapo ndipo uuzungumzie mwekundu wa lita 16 wenye maganda. Kati ya hizo mbili hakuna njia ya ujanja. Kabatini si baridi. Chini ya ngazi si baridi. Juu ya friji ya jikoni, ambako nimeona picha za watu wamezipanga chupa kama maua, ndiko kwenye joto kuliko kote.

Lipo pia la bandarini. Kasha lililokaa wiki kadhaa ndani ya kontena la chuma, juani, limeanza kuzeeka kabla hujalilipia. Omba kulifungua hapo hapo dukani. Mfuko uliovimba umeshaanza kuchacha ndani, urudishe. Juisi ya mvinyo mweupe iliyo na rangi ya chai imeungua, na hakuna dawa ya kuirudisha. Tazama tarehe. Halafu, hata kama vyote viko sawa, usiitegemee hamira iliyokuja nayo. Ile pakiti ya gramu 5 ndiyo ya kwanza kufa kwa joto, na nyingine mpya ni rahisi kuliko lita 23 zilizolala kimya siku tatu zikisubiri bakteria. Seti nyingi huja na hamira aina ya EC-1118, ambayo mwisho wake ni nyuzi 30. K1-V1116 inavumilia kuanzia 10 hadi 35, kwa hiyo ndiyo hamira ya Pwani. D47 waachie wenye milima; ikipita nyuzi 20 inatoa ukali wa kuwasha koo.

Kuhusu kalenda, kipupwe ndiyo msimu wa kuchachisha. Anza mwezi wa sita, kusi linavuma na usiku hewa inashuka hadi nyuzi 20 na kitu. Seti ya wiki 6 inaingia chupani mwezi wa nane, mwepesi unakuwa tayari mwezi wa kumi na moja, na chupa zinaisha kabla joto halijafika kileleni mwezi wa tatu. Anayeanza Januari anapigana na joto mara mbili, kwenye ndoo na kwenye chupa.

Hata kipupwe, usimwage juisi ya nyuzi 28 ukairushia hamira. Poza kwa maji unayoongeza. Kwa seti ya lita 16 za juisi na lita 7 za maji, laza maji kwenye friji usiku kucha yafike nyuzi 8, acha juisi ilivyo: mchanganyiko unatulia karibu na nyuzi 22. Kwa mfuko mdogo wa lita 7, ukipoza maji yote 16 utashuka hadi 14 na hamira itazubaa, basi poza nusu yake tu. Ndoo iingie kwenye beseni la maji, na humo zielee chupa 2 za lita 1.5 zilizogandishwa, ukizibadilisha asubuhi na jioni. Siku 3 au 4 za kwanza hamira yenyewe inazalisha joto, na ndani huzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Hapo ndipo pa kuamka usiku kutazama. Lengo ni 20 hadi 24. Kitambaa kilicholowa, wanachoshauri watu wa bara, hapa hakisaidii sana kwa sababu hewa yetu imeshiba maji na kitambaa hakikauki.

Maji yawe ya kunywa, ya madumu ya lita 20. Ya kisima cha kisiwani yana chumvi, na chumvi haichachi ikaisha. Kusafisha kila chombo kwa salfaiti sielezi tena, nimeshaandika mara nyingi mno.

Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Ukiisoma kwa nyuzi 30, ongeza 0.002 hadi 0.003. Anayeona 0.996 kwenye joto hilo kwa kweli yuko karibu na 0.999, na huenda bado kuna sukari. Ngoja usomaji usibadilike siku 3 mfululizo ndipo uhamishe, ukiacha mashapo nyuma.

Kutoa gesi ndiko joto letu linapokuwa neema, kwa maana mvinyo wa vuguvugu huiachia kaboni dayoksaidi upesi. Koroga kwa nguvu dakika 10, pumzika, rudia. Kisha jaza nusu ya neli ya kupimia, ziba kwa kidole gumba, tikisa, achia. Ikitoa "pu!", bado. Ikinyamaza, tayari. Ukiruka hapa, dawa ya kuung'arisha mvinyo haitafanya kazi kwa sababu gesi inabeba chembe zisitue, na utabaki na mvinyo wa ukungu wiki nzima ukilaumu seti. Dawa hiyo mara nyingi ni kaitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, basi mwenye mzio wa vitu vya baharini aambiwe. Potasiamu sobeti, dawa nyingine ya kwenye seti, nayo haiui hamira, inaizuia kuzaana tu. Ukiitia kabla uchachaji haujaisha, utakuwa umezuia uzazi lakini walio hai wanaendelea kula sukari.

Salfaiti iliyomo kwenye seti inatosha kwa mvinyo utakaonywewa ndani ya miezi 6. Ukikusudia zaidi, ongeza gramu 1.5 za potasiamu metabisalfaiti, ndiyo salfaiti yenyewe ya unga, kwa lita 23 kabla ya kutia chupani, karibu robo ya kijiko cha chai. Pima kwa mizani ndogo, kama ile ya sonara. Kijiko cha mjini kwetu kinadanganya, kwa sababu unga huo ukishika unyevu hugandamana na kupoteza nguvu. Uhifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, na uliokaa zaidi ya mwaka usioshee hata ndoo.

Sasa friji. Nzee yoyote inafaa ilimradi inagandisha. Iunganishe kupitia themostati ya nje, kifaa cha kuiwasha na kuizima kwa kufuata joto, iliyopangwa nyuzi 13, tofauti ya nyuzi 1 hadi 2, na kuchelewa kwa angalau dakika 3 kabla ya kuwaka tena ili kompresa isiungue. Kihisio usikiache kikining'inia hewani: kifunge kwa utepe kwenye chupa iliyojaa maji, la sivyo friji itawaka na kuzima kila unapofungua mlango. Stima ikipotea saa 3 au 4 usihangaike, kwa kuwa zaidi ya lita 20 za mvinyo baridi hazipandi joto haraka; usifungue tu. Kinachoua ni kupanda na kushuka kila siku.

Chupa zisimame siku 3 baada ya kuzibwa ili kizibo kitanuke, ndipo zilazwe. Acha nafasi ya kama sentimita 2 chini ya kizibo. Hilo si urembo: mvinyo ukipata nyuzi 15 za joto zaidi, hupanda shingoni kwa zaidi ya sentimita 1. Chupa iliyojazwa ikiwa baridi, ikafika karibu na kizibo, kisha ikatolewa mezani juani Nyali, inasukuma kizibo. Mwenyewe anadhani mvinyo umeanza kuchacha tena, kumbe umetanuka tu. Namna ya kujua: onja. Ukiwa na mapovu ulimini, umechacha. Ukiwa mtulivu, ni joto. Fuwele ndogo kama sukari chini ya chupa iliyotoka frijini ni chumvi ya asidi ya zabibu, haina madhara.

Weka chupa 3 au 4 za mililita 375 katika kila seti kwa ajili ya kuonja, moja kila miezi 3. Watu hubana hapa, wakaja kugundua mwezi wa kumi na nane kwamba kilele kilipita mwezi wa tisa.

Na kabla ya lolote, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa kutengeneza na kuuza. Ulizia ofisi ya leseni ya kaunti, wala usimuuzie jirani hata chupa moja. Jirani mwenyewe pia ana haki yake: harufu ya ndoo inayochacha inapita dirishani, na si kila nyumba ya mtaa wetu itaifurahia.

Kwako ndugu yangu wa Kisauni, na chupa zako 11 zilizobaki. Zitie kwenye friji leo, hata ya jikoni, wima kama hakuna nafasi. Hazitarudi zilivyokuwa, ila zitasimama hapo zilipofika. Zinywe ndani ya mwezi, zikiwa baridi kuliko kawaida, maana ubaridi hupunguza ile harufu ya kupikwa. Mbili tatu zipeleke kwenye nyama ya kuchemshwa polepole na mdalasini, ambako kupikwa si aibu. Ukikuta moja inayowasha pua kama thina ya rangi au siki, imwage nje, na chupa yake usiioshe kwenye karo moja na vyombo vya seti mpya.