Mumeo hajakosea: huo si wasifu, ni hati ya mashtaka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasiansi hapa Mwanza. Mama yangu alifariki Juni huko Uingereza na amezikwa huko huko. Mwezi ujao ukoo unakutana Nansio, Ukerewe, kuanua tanga, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake. Aliondoka Novemba 1996 nikiwa na miaka tisa, akatuacha watoto watatu kwa bibi. Hata kabla ya hapo alikuwa anapotea karibu nusu ya kila mwezi, eti biashara ya dagaa. Baba alikuwa machimboni Geita akitutafutia maisha. Bibi alitulea kwa maandazi ya shilingi 50 mpaka wote tukamaliza shule za bweni za kulipia. Mama hakuja hata bibi alipofariki 2004. Alitokea Krismasi ya 2011 na masanduku mawili. Nimeandika ukweli kwa mistari mitano, kwamba alipenda safari kuliko watoto. Kurasa zilizobaki ni za bibi. Mume wangu amesoma, amekataa kuipeleka kuchapwa. Anasema hii ni hati ya mashtaka. Yeye alionana na mama mara mbili tu! Nimfanyeje mume anayenigeuka kwenye msiba wangu mwenyewe?*
*Binti wa Pasiansi*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kufiwa na mzazi ambaye hukumtupia hata konzi ya udongo ni jambo zito.

Pole imeishia hapo. Mumeo yuko sahihi, na barua yako yenyewe ndiyo shahidi wake.

Tuanze na huko "kupotea nusu ya kila mwezi". Wewe umezaliwa kando ya ziwa, hujui dagaa wanavuliwaje? Dagaa huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, enzi za mama yako zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga ndipo wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, na mitumbwi inapumzika siku kama kumi. Kwa hiyo mchuuzi anayekwenda kununua visiwani lazima awe huko giza linapoingia, la sivyo atakuta mzigo umeshachukuliwa na wenzake. Akishanunua anaanika, anageuza, anachambua mchanga, anafungasha kwenye magunia, kisha anatafuta chombo cha kumrudisha sokoni Kirumba, Mwanza. Jua likiwa kali, siku moja inatosha kukausha. Mvua ikiwakuta mchangani wanaoza, na mtaji wote unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama yako hakuwa anapotea, alikuwa anafuata mwezi. Chukua kalenda yoyote yenye alama za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, utaona ratiba yake nzima imekaa humo.

Sasa maandazi. Bibi apumzike kwa amani, simnyang'anyi sifa yake. Aliyewaogesha na kukesha na homa zenu ni yeye. Lakini kilo moja ya unga inatoa maandazi 20 hadi 25. Kwa shilingi 50, bibi akikanda kilo tano kila siku na yakaisha yote, mauzo ni kama 6,000, na hapo hujatoa unga, sukari, mafuta wala mkaa. Watoto watatu, shule za bweni za kulipia, magodoro, nauli, sare? Nani alikuwa analipa, mwanangu? Unajua. Ndiyo maana barua yako imepita hapo mbio mbio. Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema, ila kwenu aliyechuma alibaki juani, mkala kivulini ninyi.

Linalokuuma zaidi ni miaka 15 bila kumwona, na msiba wa 2004. Hapo nisome kwa utulivu. Mtu anayeishi Uingereza bila karatasi akitoka nje ya nchi ile, harudi. Sheria za wakati ule zilikuwa na mlango mmoja mwembamba: aliyekaa miaka 14 mfululizo, hata kama sehemu yake alikaa bila kibali, aliweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mlango huo ulifungwa 2012. "Mfululizo" maana yake ni kwamba ukisafiri kuja kuzika, unaweza kuanza kuhesabu upya, kama utafanikiwa kuingia tena. Chukua 1996, jumlisha 14. Ni 2010. Ongeza muda wa kusubiri majibu. Yeye alitua kwenu Krismasi ya 2011. Siapi kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila hesabu hiyo imenyooka mno kuwa ya bahati. Kama ni kweli, mwaka 2004 alikuwa amefikisha miaka minane na amebakiza sita, na aliilia maiti ya mama yake chumbani kwa watu ili ninyi mmalize shule.

Lingine. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu, wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Mama yako, mwanamke wa kuishi majini, aliondoka miezi sita baadaye. Umewahi kuuliza ni wenzake wangapi walikuwa ndani ya meli ile?

Na baba je? Naye hakuwepo nyumbani. Yeye umemwandikia "akitutafutia maisha" na hukumdai hata risiti moja ya ada. Mwanaume akienda machimboni miaka kumi ni mtafutaji, mwanamke akivuka maji ametelekeza watoto. Ugonjwa huu umejaa kwenye ndoa za siku hizi. Tunataka mwanamke alete hela, ajenge, asomeshe, halafu afanye yote hayo bila kutoka mlangoni. Akibaki nyumbani, anaitwa goli kipa, wa kungoja kuletewa. Akiondoka, kiguu na njia. Mabinti wenyewe ndio mnaoongoza kwa mawe, kisha mnashangaa mabinti zenu wakiwatazama kwa jicho hilo hilo. Mumeo aliyekutana naye mara mbili hana urithi anaoutafuta kwa marehemu. Amefikiria wanao watakaokaa mstari wa mbele wakikusikiliza unamshtaki bibi yao asiyeweza kujibu. Kamwombe radhi leo, kabla ya chakula, maana mtu akishashiba atakuambia tu yameisha.

Kisha anza upya. Aliyesafisha chumba cha mama yako huko, mwandikie asitupe karatasi hata moja. Apige picha kwa simu kila ukurasa wa pasi za zamani, barua za Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule, stakabadhi za kutuma hela na za mshahara. Karatasi zenyewe aje nazo mtu mkononi, usiamini posta. Hapo utapata tarehe ya kibali, na hesabu yangu ama itasimama ama itaanguka.

Wasifu uwe kurasa mbili, kama maneno 700. Kwa mwendo wa msibani hizo ni dakika saba, zikizidi wazee wanaanza kukohoa. Mwaka wa kuzaliwa wa cheti cha ubatizo na wa pasi mara nyingi hailingani, muulize mkubwa wa ukoo kabla ya kuchapa, sio baada. Majina ya watoto wote yawemo, hata wale ambao hamsalimiani. Visiwa alivyonunua dagaa vitaje kwa majina, Wakerewe watakuheshimu kwa hilo. Maumivu yako usiyafiche, yape sentensi moja: alituacha tukiwa wadogo, na ilituuma. Inatosha. Bibi mpe aya yake. Chapa kwa maandishi makubwa, na nakala ya pili ashike mumeo, machozi yakikuzidi amalizie yeye.

Mashahidi wako wapo Kirumba, wale mama wakongwe wa dagaa waliochuuza naye. Usiende wakati wa giza, wengi watakuwa visiwani. Subiri mbalamwezi, ndipo wanakuwa mjini wakidai madeni yao. Nenda asubuhi, nunua kidogo, taja jina la mama yako, kisha nyamaza.