Ukinunua pagale, piga hesabu ya bei ya kiwanja kwanza

Njiro, Moshono, Olasiti, kote Arusha utakuta mapagale, yaani nyumba zisizomalizika, yamekwama usawa wa linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Kupaua kunataka hela nyingi kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi huishiwa. Mimi na mume wangu tulinunua moja tukalimalizia, na ndimo tunamoishi. Nawasihi wanaotaka kufanya hivyo: pigeni hesabu ya bei kama mnanunua kiwanja, kuta zihesabiwe baada ya fundi kuzikagua.

Muuzaji atakuonyesha risiti za saruji na nondo. Hayo ni matumizi yake, hayakuambii ukuta una hali gani leo. Ukuta uliopigwa na masika mwaka hadi mwaka bila paa huchoka, hasa kozi, yaani safu za tofali, za juu. Kwangua kwa msumari katikati ya tofali. Saruji ikimwagika kama mchanga, kozi hizo zishushwe. Sisi tulizishusha kabla ya kumwaga linta. Nondo zilizoachwa zikichomoza kwenye nguzo nazo zishike: kutu ya juu juu haina neno, ila ikibanduka magamba na nondo imekonda, hiyo haifai kubeba kitu.

Ufa wa kuogopa ni ule wa mshazari, unaoanzia kona ya dirisha kwenda chini. Hapo msingi unatembea. Kama eneo lina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, chimbeni pembeni mwa msingi muone umekwenda chini kiasi gani. Muuzaji akikataa kuchimbiwa, ondokeni.

Kwenye karatasi, fanyeni upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi na mumwombe muuzaji kibali cha ujenzi pamoja na ramani iliyopitishwa, mlinganishe na kuta zilizopo. Kama mwenye mali ni marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu. Na jamani, mke wa muuzaji! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Msijiambie kwamba hili ni pagale tu. Huyo mama huenda alibeba maji ya kumwagilia tofali hizo. Akae mezani, asomewe mkataba, asaini kwa hiari yake.

Kabla ya kulipa, hela ya mbao na bati muwe nayo tayari, mpaue kabla ya mvua za Machi. Vigae na dari vitasubiri. Sisi tulihamia kwenye sakafu ya saruji.