Taima ya Upepo Haihesabu Sekunde

Mwezi wa Mei mwaka uliopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha unga huko Changamwe. Kijana anayesimamia mashine alinipokea kwa "Shikamoo, ami," na kabla sijatua begi la vifaa akanieleza kwamba taima imekufa na inatakiwa mpya. Mlango wa unga ulipaswa kufunguka kwa sekunde 4 kisha ujifunge. Asubuhi ulikwenda sawa. Kufika saa tano ukawa unakaa wazi sekunde 6, na adhuhuri ukafika 9, unga ukamwagika juu ya mifuko na sakafuni.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii skurubu leo umeizungusha mara ngapi?"

"Kila saa, ami. Nikiiweka sawa, inaharibika tena."

Taima ile ilikuwa nzima. Nimeona taima nyingi nzima zikitupwa hapa Mombasa kwa sababu watu huichukulia kama saa, na taima ya upepo, yaani ile inayoendeshwa na hewa ya kompresa, si saa. Haihesabu sekunde hata moja. Inachofanya ni kungoja chombo kijae.

Sisi tuliokulia Majengo tunaujua mtungi uliowekwa chini ya mfereji siku maji yanapotoka kwa shida. Ukitaka ujae polepole, unaubana mfereji. Maji yakiwa na nguvu, mtungi hujaa upesi, na yakipungua nguvu, utangoja, ingawa mfereji hujaugusa. Ndani ya taima mna vitu hivyohivyo. Mna chumba kidogo cha hewa, ndio mtungi. Mna vali ya sindano, ndio mfereji, na ile skurubu ya juu huisogeza sindano ili tundu liwe jembamba au pana. Halafu mna vali inayoshikiliwa na springi. Upepo ukiingia hupita kwenye sindano na kujaza chumba taratibu. Nguvu yake ikiishinda springi, vali huruka upande wa pili, na muda umekwisha hapo. Upepo ukikatwa, chumba hujimwaga haraka kupitia vali ya njia moja, kikawa tayari kwa mzunguko mwingine.

Ziko aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kawaida dukani. Moja hukaa imefungwa, na muda ukifika ndipo inapotoa upepo. Ya pili hupitisha upepo tangu mwanzo, muda ukifika inakata. Ya kiwanda kile ilikuwa ya pili.

Sasa jiulize: muda ukirefuka wenyewe, nini kimebadilika? Ama tundu limezibika, ama nguvu ya upepo imeshuka, ama chumba kinavuja. Changamwe niliyakuta mawili kwa pamoja. Nilifungua koki ya chini ya tangi la kompresa, yakatoka maji ya rangi ya kutu, zaidi ya lita mbili. Nikatazama geji: laini ya pili ya mashine ikizimwa ilisoma psi 90 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), lakini ikiwashwa, kama ilivyokuwa tangu saa tano, ikashuka hadi 65.

Hayo maji ndiyo adui yetu mkubwa hapa pwani, naomba tuyachukulie kwa uzito. Hewa ya nyuzijoto 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa yako ikishindilia mita saba ziwe moja, na hewa ile ikapoa ndani ya tangi, bado itabeba gramu 30 zilezile tu. Yanayobaki hudondoka maji. Wakati wa masika, hewa yetu ikiwa na unyevu kama ilivyo, hilo hutokea kila dakika kompresa inaponguruma. Maji yale hubeba kutu hadi kwenye tundu la sindano, ambalo ni jembamba mno. Mwaga tangi kila asubuhi kabla ya kuwasha kitu, na bakuli la filta, lile chujio la upepo, usilingoje lijae.

Kwa nguvu ya upepo, dawa ni kuipa taima regulata yake yenyewe, kifaa kinachoshikilia nguvu ya upepo isibadilike, uiweke chini ya kiwango ambacho laini kuu hushuka. Pale niliiweka psi 60, baada ya kusoma kwenye kibati cha taima kwamba inakubali. Laini kuu ipande au ishuke, taima haina habari. Na upepo wa taima uchukue kabla ya kile kikombe cha kutia mafuta. Silinda inayosukuma mlango inapenda mafuta. Sindano haiyapendi kabisa, kwani yakichanganyika na vumbi huwa gundi.

Kuna shida ya kinyume: muda kuwa mfupi. Hapo mara nyingi chumba hakikupata nafasi ya kujimwaga. Labda sailensa, kile kipunguza kelele kwenye tundu la kutolea upepo, imeziba, au mashine inarudia mzunguko upesi mno. Mtungi ulio nusu haukawii kujaa.

Kuiseti, acha mashine ifanye kazi kama nusu saa kwanza. Zungusha skurubu robo mzunguko, pima kwa simu mizunguko mitano, ndipo uguse tena. Usiikaze hadi mwisho kwa nguvu, ncha ya sindano itaumia na haitarudi kuwa sahihi. Mpira wa kuunganisha uwe mfupi, maana ukiwa mrefu unaongeza ujazo na muda. Tepu nyeupe ya nyuzi za bomba izungushe ukiacha uzi wa kwanza wazi. Kipande kimoja kikiingia ndani, umerudi ulikotoka.

Zile relei za zamani (swichi za umeme za kuchelewesha) zenye kifuko cha mpira, unazozikuta kwenye paneli za sta-delta, zinazowasha mota kubwa kwa hatua mbili, zina tabia ileile, ila zenyewe huvuta hewa ya ndani ya paneli. Vumbi la paneli ndilo linaloziua.

Haraka ya kazi isikusahaulishe jambo moja. Kufunga upepo mkuu hakumalizi upepo uliobaki ndani. Umwage, hakikisha geji inasoma sifuri, ndipo ufungue nati yoyote. Wala usiitegemee taima kulinda mkono wa mtu. Mlango wa kinga uwe na swichi yake.

Kabla ya kuondoka niliitia skurubu ile alama ya rangi nyekundu, na yule kijana akaandika ukutani kwa chaki: psi 60, sekunde 4. Nilipopita tena mwezi wa Agosti, alama ilikuwa palepale nilipoiacha.