Nani katishwa, mtu au bastola?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu sheria za kale za Uingereza na Marekani dhidi ya watu waliotembeza silaha kwa vitisho. Niliandika "ni marufuku kutishia silaha", mhariri akafuta. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri. Mpe salamu zangu.

Kila nikikuta kichwa cha habari "Atishia bastola baa", hujiuliza bastola ilifanyaje. Ilitetemeka? Iliomba radhi? Ilipiga yowe majirani wakajaa? Kinachofuata kitenzi hicho ndicho kinachotishwa, kwa hiyo mwandishi kaifanya bastola mlalamikaji, na binadamu aliyetokwa jasho hakuachiwa hata kiambishi.

Na sheria zako zilimhusu huyohuyo aliyetokwa jasho. Ile ya Northampton, Uingereza, ya 1328, enzi za Mfalme Edward III, ilikataza kwenda na silaha, usiku au mchana, kwenye magulio na masoko. Baadaye mahakama zikaisoma kuwa uzito wa kosa uko katika kuwatia watu hofu. Mwaka 1843, katika shauri la Huntly, Mahakama ya Juu ya North Carolina, jimbo la Marekani, ilisema waziwazi kwamba kubeba bunduki peke yake si kosa. Kosa ni kuibeba kwa nia ovu, ili raia waingiwe na hofu. Sasa wewe unaandika "kutishia silaha"! Umemfuta mwenye hofu, na kesi umeiua.

Tombstone, mji wa Arizona huko Marekani, ni habari nyingine. Amri Na. 9 ya mji ule, ya Aprili 1881, ilikataza kubeba silaha za hatari mjini bila kibali, ziwe zimefichwa au zinaonekana. Hapo andika "kubeba" basi, usiwatungie madiwani vitisho wasivyovitaja.

Neno "silaha" lenyewe ni la Kiarabu, limetulia kwetu miaka mingi, halina ugomvi na mtu.

Andika "kutishia watu kwa silaha". Kuhusu "alimtishia bastola", nimechoka kuipiga vita. Walau -m-, kiambishi cha aliyetishwa, ipo, na umbo la kutendea (tisha, tishia) hubeba kifaa, kama katika "kisu cha kukatia nyama". Naipitisha, shingo upande. Bila -m- haipiti, hata ije na wakili.

Halafu hiyo "silaha ya moto" uliyoweka aya ya pili: kama ni bunduki, iite bunduki.