Usichonge kichujio kabla ya skani ya fai

Ndugu, simamisha kazi hiyo kwanza. Umeandika kwamba utando wako wa YBCO (oksidi ya itri, bari na shaba, ambayo hupitisha umeme bila ukinzani ikipozwa) uliouotesha juu ya oksidi ya magnesi umefikia ukinzani sufuri kwenye kelvini 90, kwamba skani ya eksirei ya theta na theta mbili inaonyesha vilele vya mhimili c pekee (yaani mhimili mrefu wa fuwele umesimama wima juu ya uso), na kwamba sasa unataka kuuchonga uwe kichujio cha mikrowevu; ukauliza unene unaofaa na namna ya kuutia oksijeni. Vipimo hivyo viwili havithibitishi lolote kuhusu jambo litakaloua kichujio chako, yaani mipaka ya punje, pale fuwele ndogo ndogo za utando zinapokutana.

Skani hiyo huona matabaka ya fuwele yaliyolala sambamba na uso wa sabstreti (kipande cha chini kinachobeba utando) tu. Inakueleza kwamba punje zote zimelala sawasawa kama vigae sakafuni, lakini haikuelezi kama kimojawapo kimegeuzwa nyuzi 45 kuliko jirani zake. Joto la mpito, yaani hizo kelvini 90 ambapo ukinzani hutoweka, nalo halisaidii, kwa kuwa ukinzani hupimwa kwa mkondo mdogo mno, ambao hupenya hata kwenye mipaka dhaifu au huizunguka.

Katika maabara niliyofanyia kazi tulichonga kundi zima la vichujio kwa utando wa aina hiyo hiyo. Tulipovipoza kwa naitrojeni kimiminika, kwenye kelvini 77, upotevu wa nishati ulikuwa mkubwa, tena ulipanda kila tulipoongeza nguvu ya mawimbi. Aliyetuuzia sabstreti alikuwa ametuhakikishia kwamba vilele safi vya mhimili c ndiyo hati ya ubora, na mshauri tuliyemlipa akayarudia maneno hayo bila kuomba kipimo kingine chochote. Hasira yangu kwao haijapoa, kwa sababu ukweli ulikuwa umekwisha kuchapishwa tangu 1988, pale Dimos, Chaudhari, Mannhart na LeGoues wa IBM walipotumia fuwele mbili zilizounganishwa kwa pembe maalumu na kuonyesha kwamba mkondo unaoweza kuvuka mpaka hushuka kadiri pembe inavyokua. Zikipita nyuzi chache tu, mshuko huwa mkali. Kwenye nyuzi 45 mkondo huweza kupungua mara elfu moja au zaidi. Katika YBCO jozi za elektroni zina upana wa takribani nanomita 1.5 kwenye bapa la shaba na oksijeni, kwa hiyo mpaka wenye upana wa atomu chache tu unatosha kuzidhoofisha.

Oksidi ya magnesi inahitaji tahadhari kubwa zaidi. Kimia chake, yaani mpangilio wa atomu unaojirudia, kina nanomita 0.421, ilhali YBCO ina 0.382 na 0.389, tofauti inayokaribia asilimia 9, na ndiyo maana punje hujipatia mielekeo mingine ya kukaa, ule wa nyuzi 45 ukiwamo. Uso wake pia hunyonya unyevu wa hewani, na uso uliochakaa huzidisha punje zilizogeuka; uchome upya kwenye oksijeni, kwa joto kali, kabla ya kuotesha. Usikimbilie sabstreti ya titaneti ya stronti kwa sababu tu kimia chake cha 0.3905 kinalingana vizuri: kigezo chake cha dielektri (kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme), ambacho ni karibu 300 kwenye joto la chumba, hupita 1000 kwenye kelvini 77, na hilo halifai kwa mikrowevu. Alumineti ya lanthani inatumika, ila ina fuwele pacha, yaani sehemu zenye mielekeo inayoakisiana kama kioo. Yakuti samawi hudai tabaka la oksidi ya seri katikati, la sivyo alumini itaingiliana na bari ya utando.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kemikali ya kuchonga, piga skani ya fai, yaani zungusha sampuli kwenye bapa lake huku ukipima eksirei, kwenye mwakisiko wa 103, unaotoka kwa matabaka ya fuwele yaliyoinama kuhusu uso. Unapaswa kupata vilele vinne, kimoja kila baada ya nyuzi 90. Chora matokeo kwa mhimili wa logi, kwa maana kwenye mhimili wa kawaida vilele vidogo vya katikati, kwenye nyuzi 45, hufichwa na vile vikubwa, na hivyo vidogo ndivyo unavyovitafuta. Fanya hivyo kwa kila kipande, si kwa kimoja kinachowakilisha kundi, kwani uso wa kipande kimoja huweza kuwa umechakaa na wa kingine ukawa mzima. Kama mashine yenu haina jukwaa la kuzungusha sampuli, omba muda kwenye maabara iliyo nalo, na hadi hapo utando ubaki ndani ya chombo kikavu.